Nimezunguka nyumba za kina Bach: msiende kuona kitanda, nendeni kusikia kinanda

Kinanda cha Mlimani:

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu niliuahidi tangu Machi, ila Pasaka ikaingia kati, na wapiga kinanda wa kanisani mnajua Pasaka inavyotukamua.

Kwa msionifahamu: napiga kinanda kwenye usharika mmoja wa KKKT huku Kilimanjaro, mwaka wa kumi na saba sasa. Chombo chenyewe ni Yamaha ya kizamani, vibonyezo viwili vimeshakufa, na umeme ukikatika katikati ya "Haleluya" ya Händel kwaya inajua imalizie yenyewe. Mwaka huu nilikuwa kati ya wajumbe wanne tuliotembelea usharika rafiki huko Saksonia, mashariki ya Ujerumani. Ziara ikaisha, wenzangu wakarudi, mimi nikabaki siku sita kwa hela yangu. Mama watoto alidhani nimebaki kutafuta gari. Nilibaki kutafuta vinanda.

Nianze na kosa langu. Jumatatu asubuhi nimeshuka Leipzig na begi mgongoni, nimetembea kutoka stesheni mpaka makumbusho ya Bach, yule mtunzi mkubwa wa muziki wa kanisani, mkabala na kanisa la Mtakatifu Thomas, nakuta mlango umefungwa. Jumatatu hawafungui! Makumbusho mengi ya kule ndivyo yalivyo, na mtu mzima nimesafiri kutoka Afrika bila kuangalia ratiba. Nikala mkate na soseji nimesimama kwenye baridi, nikiangalia sanamu ya Bach pale uwanjani. Hata yeye aliniangalia kama mwalimu wa kwaya anavyomwangalia aliyechelewa mazoezi.

Sasa tuelewane jambo moja mapema, msije mkanilaumu. Bach alifanya kazi Leipzig kuanzia 1723 mpaka anafariki 1750. Karibu muda wote huo yeye na familia yake walikaa ndani ya jengo la shule ya Mtakatifu Thomas, ubavuni mwa kanisa. Jengo hilo halipo. Lilivunjwa mwaka 1902. Makumbusho yako kwenye nyumba ya jirani zake, ukoo wa wafanyabiashara walioitwa Bose. Ndani ya kanisa kuna ogani mbili za mabomba: moja ya 1889, nyingine ya mwaka 2000. Hakuna hata moja ambayo kidole cha Bach kiliigusa. Kaburi nalo ni la 1950. Kanisa alikozikwa mwanzo lilipigwa mabomu kwenye Vita vya Pili, mifupa ikahamishwa.

Kwa hiyo ukienda Leipzig kutafuta kitanda na kiti cha Bach, utarudi umenuna. Kwenye makumbusho (nilirudi Jumanne, ndiyo) kilichonisimamisha ni meza ya kupigia ya ogani moja iliyokuwa kanisa la Mtakatifu Yohana. Bach aliitwa kuikagua ogani hiyo mwaka 1743. Zamani ogani ikikamilika, kanisa halimlipi fundi mpaka aitwe mtu anayejua, akae, aipige, aibonyeze kila mahali, atafute kasoro. Bach alikuwa anaitwa sana kwa kazi hiyo. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaanza kunizungukazunguka.

Ila safari yangu, wakuu, ilikuwa Eisenach.

Ni mji mdogo, Bach alizaliwa hapo Machi 1685. Ngome ya Wartburg, alikojificha Luther akatafsiri Agano Jipya, inaonekana juu ya kilima ukishuka tu kwenye treni. Kuna nyumba ya manjano inaitwa Bachhaus, ni makumbusho tangu 1907. Inapendeza, dari fupi, sakafu inalia. Ila kwenye makumbusho hayo kuna ukumbi, na humo wameweka vinanda vitano vya aina aliyovijua Bach: ogani mbili ndogo za nyumbani, na vitatu vya nyuzi: hapsikodi, spineti na klavikodi. Kila saa anakuja mtu, anakaa, anavipiga kimoja baada ya kingine, anaeleza. Iko ndani ya tiketi uliyolipa mlangoni.

Ilipofika zamu ya ogani ndogo, akauliza nani atavuta mvukuto. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Ogani ya zamani haina injini. Upepo ni mtu. Nikavuta kwa nguvu za Kichaga, haraka haraka, yule bwana akanigeukia huku vidole vikiendelea, akanionyesha kwa kichwa: polepole. Ukivuta kwa pupa sauti inayumba, unaisikia kabisa inapepesuka kama mtu aliyelewa. Nikatulia, nikahesabu pumzi, ikanyooka. Kwa dakika zile mbili, umeme wa chombo kile nilikuwa mimi.

Halafu klavikodi. Hapa niwe mwangalifu kwa sababu sijui kama maneno yatafika. Ni sanduku jembamba, unaweza kulidhania sanduku la nguo. Ukibonyeza, kipande kidogo cha shaba kinainuka na kuugusa uzi, na hakirudi. Kinabaki kimeushika uzi mpaka uinue kidole. Maana yake uzi unao wewe mkononi. Ukitikisa kidole kidogo palepale, sauti nayo inatetemeka, kama muimbaji. Piano haiwezi hilo, nyundo yake ikishapiga imeshaondoka. Lakini ni chombo kimya mno. Watu kama thelathini tuliacha kupumua. Aliyekuwa nyuma yangu akasogeza koti, na lile koti lilishinda muziki.

Mimi nimezoea kupiga ili nisikike mpaka kule nje wanakopaki bodaboda. Kumbe Bach nyumbani kwake, watoto wamelala, alikuwa anaweza kupiga kitu ambacho chumba cha pili hawakisikii.

Maswali yaje. Picha nitatupia nikipata bando la maana.

Mlipa Kodi:

Ngoja. Kwa hiyo Leipzig nyumba imevunjwa, ogani sio zake. Eisenach je, hiyo ya manjano ndiyo aliyozaliwa, au nayo hadithi?

Kinanda cha Mlimani:

Mkuu umenikamata pazuri. Siyo. Walipoinunua waliamini ndiyo, baadaye wakagundua familia ilikuwa na nyumba nyingine mjini hapohapo. Na makumbusho wenyewe wanakwambia, hawafichi. Alipobatizwa ndipo pa uhakika: kanisa la Mtakatifu Georg, siku mbili baada ya kuzaliwa, na lile birika la ubatizo bado lipo. Nililigusa, ni jiwe baridi.

Mlipa Kodi:

Sasa mtu analipa viza, ndege, hoteli, kwenda kuona nyumba ambayo sio. Mnanichekesha sana nyie watu wa kwaya.

Mtoto wa Fumba:

Nami niongeze langu. Huyu kaka yetu kapanda ndege mpaka kwa Bach. Kwa Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarabu, umeshafika? Kijijini kwetu Fumba, Unguja, ndiko alikozaliwa, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurikodi sahani, kati ya wa mwanzo kwenye lugha yetu. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu, ipo tangu 1905, kanuni na udi zinapigwa mpaka leo Mji Mkongwe. Sisemi vibaya, nauliza tu.

Kinanda cha Mlimani:

Dada/kaka Mtoto wa Fumba, swali lako ni la haki na jibu ni hapana, sijafika. Unguja nimekwenda mara moja, kwenye harusi, na nikalala baharini. Nimekubali deni.

Ila kuhusu kwa nini Leipzig: sikuichagua kwenye ramani kwa kufumba macho. Misheni ya Leipzig ilifika Kilimanjaro mwaka 1893. Wale ndio waliotufundisha kuimba sauti nne, na zile nyimbo za kwenye kitabu chetu ni za kikapu kilekile alichochota Bach. Ijumaa ile saa kumi na mbili jioni niliingia kanisa la Thomas kwenye ibada yao ya muziki, wanaiita Motette. Unalipa euro chache tu za karatasi ya ratiba. Kwaya ya wavulana ya pale ipo tangu 1212. Ilikuwa Kwaresima. Wakaanza ule wimbo wa Ijumaa Kuu, wa kichwa kilichojaa damu na majeraha, ambao Bach ameurudia mara kadhaa kwenye Mateso ya Mathayo, kazi yake kubwa ya kwaya. Besi yake ninaijua tangu nina miaka kumi na nne. Nikaiimba kwa Kiswahili, chini kwa chini. Bibi mmoja jirani yangu akanitazama, nikadhani atanikaripia, akasogeza tu kitabu chake cha nyimbo katikati yetu.

Kwa hiyo Mlipa Kodi, nililipa kwenda kuona hiyo.

Mtoto wa Fumba:

Umenijibu vizuri. Ukija Unguja safari hii usilale baharini, niambie, nikupeleke mazoezini.

Dada Alto:

Mimi nasoma tu nikitabasamu. Hiyo ya mlinzi kukuzungukazunguka! Kaka, kuna kitu cha sisi tunaofundisha kwaya? Mimi mavinanda sio sana.

Kinanda cha Mlimani:

Dada, nenda nyumba ya mtunzi Mendelssohn, Leipzig hapohapo. Ndiyo nyumba aliyofia, Novemba 1847, na hii kweli ni yenyewe, ngazi za mbao zilezile. Yeye ndiye aliyeirudisha Mateso ya Mathayo kwa watu, Berlin 1829, akiwa na miaka ishirini tu. Chini kuna chumba wanakiita Effektorium: spika ndefu zimesimama kama wanamuziki, unapewa kijiti, unaongoza. Ukiharakisha nazo zinaharakisha. Na kuna kioo cha kubonyeza, unaweza kuwanyamazisha unaowataka.

Niliwanyamazisha soprano. Raha niliyoipata wenye kwaya mtaielewa.

Dada Alto:

😂😂😂 Nakuja na nauli ya kuazima.

Mubukavu wa Bergen:

Bandugu, salamu toka Norway. Mimi ni mtu wa Bukavu, niko huku miaka tisa, na nyumba ya Grieg, mtunzi wa muziki wa huku, iko karibu na ninapofanya kazi. Inaitwa Troldhaugen. Unapanda tramu mpaka kituo cha Hop, kisha unatembea kama dakika ishirini au zaidi kidogo.

Huyu mzee hakubomolewa kitu. Alijenga 1885 na vitu vyake viko ndani, na piano yake Steinway ya 1892, zawadi ya miaka ishirini na tano ya ndoa. Bado inapigwa, si ya kuangalia tu. Wakati wa kiangazi kuna tamasha dogo la mchana, kwenye ukumbi ulio pembeni. Nyuma ya mpigaji ni kioo kitupu, unaona ziwa na kibanda chake cha kuandikia.

Kibanda ndicho kilinishika. Chumba kimoja, meza kwenye dirisha, piano ya ukutani, kochi, jiko la kuni. Grieg alikuwa mfupi, sentimita 152. Alikuwa anakalia kitabu kinene cha sonata za Beethoven ili afikie piano vizuri. Na kila akitoka aliacha barua kwa wezi: ukivunja ukaingia, tafadhali usiguse hizi nota, hazina thamani kwa mtu yeyote ila kwa Edvard Grieg. Mimi nimetoka mahali ambapo mtu anakimbia anaacha kila kitu. Hiyo barua nimeisoma mara nne.

Kinanda cha Mlimani:

Ndugu Mubukavu, asante sana. Hiyo sikuijua. Kukalia Beethoven!

Mwanafunzi Warsaw:

Wakuu, Poland isisahaulike. Huku nyumba ya kuzaliwa ya Chopin, mtunzi wa muziki wa piano, ipo kijijini Żelazowa Wola, kama kilomita 50 toka mjini. Kwa wenye mfuko mwepesi kama mimi kuna kitu bora: bustani ya Łazienki, kila Jumapili kuanzia Mei hadi Septemba, saa sita mchana na saa kumi jioni, mtu anapiga piano chini ya sanamu ya Chopin. Bure. Unakaa kwenye majani na chapati yako (ndiyo, mimi hupika).

Ila mnaotafuta vinanda, sikieni hii. Piano aliyotumia Chopin ujanani, kazi ya fundi wa hapahapa aitwaye Buchholtz, ilikuwa kwa dada yake. Mwaka 1863, wakati Wapoland wameasi, askari wa Urusi waliingia jengo lile kulipiza kisasi, wakaisukuma piano dirishani mpaka barabarani. Ikaishia hapo. Juzijuzi tu wameitengeneza nakala yake, na mwaka 2018 walianzisha mashindano ya kupiga Chopin kwa piano za enzi zake. Ya mwisho aliyokuwa nayo Paris, Pleyel, iko makumbusho yake mjini hapa.

Na moyo wake uko ndani ya nguzo ya kanisa la Msalaba Mtakatifu. Mwili Paris, moyo Warsaw. Dada yake Ludwika aliuleta. Msiniulize ilikuwaje.

Mlipa Kodi:

Moyo ndani ya nguzo? Hii ni chai.

Mwanafunzi Warsaw:

Sio chai mkuu. Nimepita jana nikitoka kibaruani.

Kinanda cha Mlimani:

Mlipa Kodi, kama huo unakushinda usikie wa Haydn, mtunzi mwingine. Alipofariki Vienna 1809, watu waliohonga mchimba kaburi waliiba kichwa, walitaka kuchunguza fuvu la mtu mwenye kipaji. Kichwa kilirudishwa Eisenstadt mwaka 1954. Katikati walikuwa wameshaweka fuvu jingine kaburini ili wasionekane vibaya, na hawakulitoa. Kwa hiyo mzee amelala na mafuvu mawili.

Mlipa Kodi:

Nimeacha kubisha. Naomba gharama.

Kinanda cha Mlimani:

Viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na lazima bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Barua ya mwaliko ilitusaidia sana. Ukifika, tafuta tiketi ya mwezi inaitwa Deutschlandticket. Mwaka 2025 ilikuwa euro 58, unapanda treni zote za mikoa, mabasi na tramu nchi nzima. Zile treni za kasi usiziguse, haziingii humo. Leipzig mpaka Eisenach utabadili njiani, na dirishani ni mashamba tu, lakini kwa bei ile sikuwa na la kusema.

Kulala nililala kwa mtumishi mmoja wa usharika rafiki, siwezi kuwadanganya kwamba najua bei za hoteli.

Na kama una siku moja ya ziada, usiende mji mkubwa. Nenda Naumburg, karibu saa moja toka Leipzig. Kanisa la Mtakatifu Wenzel lina ogani ya Hildebrandt, na hii, wakuu, hii Bach aliipiga kwa mikono yake. Septemba 1746 aliitwa kuikagua, yeye na Gottfried Silbermann, fundi mkubwa wa ogani wa wakati ule. Miezi ya joto huwa wanaipiga mchana kidogo kwa wageni. Mimi nilienda Machi, nikaiona ikiwa kimya, mabomba juu kama ukuta wa dhahabu. Nilikaa benchi la nyuma nusu saa nzima nikisubiri labda fundi atapita kuijaribu. Hakupita.

Mzee wa Besi:

Kijana wangu, nimesoma yote bila kuchangia. Mimi nimeimba Händel kwa miaka arobaini, nimeshamwimbia maaskofu watatu. Na yeye je? Nasikia alihamia Uingereza.

Kinanda cha Mlimani:

Shikamoo mzee. Kwa Händel sijafika, anayeishi London atusaidie.

Dada Alto:

Shikamoo mzee. Nilisomea huko mwaka mmoja, nilifika. Ni Brook Street namba 25, katikati ya maduka ya bei mbaya. Alihamia 1723 akakaa mpaka kufa, 1759. "Haleluya" yenu imeandikwa humo, mwaka 1741. Masihi nzima, kazi inakotoka hiyo "Haleluya", aliimaliza kwa siku 24. Vyumba ni vidogo, mzee, utashangaa. Chumba alichofanyia mazoezi na waimbaji wake, kwaya yetu ya vijana haitoshi. Nilimwambia mhudumu kwamba nyumbani tunauimba huu kila Krismasi kwa kinanda cha betri, akaniita mwenzake aje asikie.

Nyumba ya ukuta kwa ukuta, juu, alipanga Jimi Hendrix mwaka 1968. Tiketi ni moja.

Mzee wa Besi:

Marahaba wanangu. Vyumba vidogo, na muziki ule. Haya.

Mpiga kinanda, hiyo klavikodi hukurikodi hata kidogo kwa simu? Tuwekee tusikie.

Kinanda cha Mlimani:

Mzee, nilirikodi. Dakika mbili na sekunde kumi. Nimeisikiliza usiku kwa spika za masikioni, sauti mpaka mwisho. Kinachosikika ni lile koti la jamaa wa nyuma, mtu kukohoa mara moja, na kwa mbali sana, kama mtu anagonga kijiko kwenye kikombe nyumba ya pili, Bach.

Ninayo bado, sijaifuta. Nikipata bando naiweka.